Ng’ombe anayekatika njiani

*“Nimeandika seva ndogo ya Node.js inayopokea taarifa za maofisa mifugo kutoka kwenye simu zao: idadi ya mifugo, chanjo, na maelezo marefu wanayoandika wenyewe. Taarifa nyingi zinafika salama. Lakini mara moja moja neno ng’ombe linaingia kwenye hifadhidata likiwa ng���ombe, siku nyingine ng��ombe, na neno hilohilo mistari miwili juu yake liko sawa kabisa. Nikituma taarifa ileile kutoka kwenye kompyuta yangu, hakuna kinachoharibika. Nimeweka meta charset ya UTF-8 kwenye ukurasa, haikusaidia. Rafiki mmoja kaniambia nisome kwa latin1; kweli zile alama za ulizo zimepotea, ila sasa naona ngâombe. Mwingine anasema nizitafute alama zote nibandike ritifaa mahali pake. Mwili wa ombi ninaukusanya kwa `mwili += kipande`. Tatizo ni simu zao, mtandao, au mimi?”*

Simu zinafanya kazi yake na mtandao unafanya kazi yake. Kosa liko kwenye ule mstari mfupi ulioutaja mwishoni kana kwamba si kitu, `mwili += kipande`. Ni kosa lisilopiga kelele: halisimamishi programu, haliandiki chochote kwenye logi, na JSON, yaani muundo ambao taarifa zako zinakuja nao, inasomeka vizuri tu. Ndiyo maana watu hukaa nalo miaka wakimlaumu mteja. Umenisaidia sana kwa kutaja mambo mawili ambayo wengi huyaacha: kwamba hutokea mara moja moja, na kwamba alama huwa mara tatu, mara mbili. Hilo la pili nitalirudia, kwa sababu idadi hiyo ina habari ndani yake.

Tuanzie kwenye kinachofika. Seva haipokei maneno. Inapokea baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255, na Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva yako, inazishika kwenye bafa, yaani chombo cha kuhifadhia baiti, kipande baada ya kipande kadiri zinavyoingia. Kuzigeuza baiti hizo kuwa maandishi ni kazi nyingine, nayo ndiyo kusimbua: lazima kuwe na kanuni inayosema baiti hizi ni herufi ipi. Kanuni yako ni UTF-8, ile ambayo Ken Thompson na Rob Pike waliichora kwenye karatasi ya mezani wakiwa mgahawani New Jersey, Septemba 1992. Ndani yake herufi hazilingani ukubwa. Herufi a hadi z, tarakimu na alama za kawaida za kibodi huchukua baiti moja moja. Ile é ya majina ya Bujumbura na Lubumbashi huchukua mbili, na herufi za Kiarabu vilevile. Ritifaa iliyopinda, ’, huchukua tatu. Emoji kama 😂 huchukua nne.

Uzuri wa mpango huo ni kwamba baiti ya kwanza ya kundi hutangaza kundi lina wangapi, na zile zinazofuata zimetiwa alama kuwa ni wafuasi tu, haziwezi kusimama peke yake. Fikiria mama aliyeko kituo cha daladala na watoto wawili. Anapanda, anamwambia konda, “Tuko watatu.” Gari limejaa, linaondoka na mama na mtoto mmoja, mtoto wa mwisho anapanda gari la nyuma. Kwenye gari la kwanza konda anahesabu na kukuta familia pungufu. Kwenye la pili anakuta mtoto asiye na mzazi. Hakuna aliyepotea, wote wako barabarani na watashuka kituo kimoja. Lakini kama kila konda ameamriwa amalize hesabu zake kabla ya kufika mwisho, wote wawili wataandika “kasoro”.

Seva yako inafanya hivyohivyo. Ritifaa iliyopinda, kwa namba za msingi wa kumi na sita, ni E2 80 99. Kipande kinaweza kuishia popote, hata baada ya E2, kwa sababu TCP, kanuni inayozisafirisha mtandaoni, ni mkondo wa baiti tu; haijui neno, haijui herufi, haijui JSON. Unapoandika `mwili += kipande`, JavaScript inaona unajumlisha maandishi na bafa, kwa hiyo inakuitia `toString()` kimyakimya kwenye kile kipande peke yake. Hukuiandika, lakini ipo. Kipande cha kwanza kina E2 isiyo na wenzake, haisomeki, nayo inabadilishwa kuwa �. Hiyo ni herufi halali ya Unikodi, ile orodha ya kimataifa ya herufi, namba U+FFFD, iliyowekwa maalumu kwa ajili ya kusema “hapa palikuwa na kitu nisichoweza kukisoma”. Kipande cha pili kinaanza na 80 na 99, wafuasi wasio na kiongozi, kila mmoja anapata � yake. Jumla tatu.

Na zile siku unazoona mbili? Hapo kipande kilikatika baada ya E2 80. Kisimbuzi kinaziona hizo mbili kama mwanzo mzuri wa herufi ambayo haikukamilika, kinazipa alama moja kwa pamoja. Ile 99 iliyobaki inapata ya pili. Kwa hiyo ukiona tatu, mkasi ulipita baada ya baiti ya kwanza, ukiona mbili, ulipita baada ya ya pili. Mimi huanza kwa kuhesabu alama kabla hata sijaomba kuona programu.

Sasa kwa nini kompyuta yako haikuonyeshi? Unapojitumia mwenyewe, baiti hazipiti kwenye njia yenye vipimo vidogo, na taarifa fupi hufika kwa mkupuo mmoja. Kwenye mtandao wa kawaida pakiti moja hubeba takriban baiti 1,460 za TCP, kwa hiyo taarifa ya baiti 6,000 huvuka kwa pakiti tano hivi, na Node hukupa zilizokwisha kufika wakati huo, pengine zote, pengine moja. Piga hesabu ya harakaharaka. Taarifa hiyo ya baiti 6,000 ikiwa na ritifaa zilizopinda 30, kila moja ina sehemu mbili za ndani zinazoweza kukatwa. Ni sehemu 60 kati ya 6,000: kila mkato una nafasi moja katika mia ya kuharibu. Ukiwa na mikato minne, ni karibu taarifa nne katika kila mia. Ndiyo hiyo “mara moja moja” yako.

Kuna jambo hapa linalotuhusu sisi waandishi wa Kiswahili. Alfabeti yetu ya Kilatini yote inaingia kwenye baiti moja moja. Hatuna herufi yenye kofia wala mkia. Unaweza kupima programu yako kwa kurasa mia za Kiswahili na isikuonyeshe kosa hili hata mara moja, kwa sababu herufi ya baiti moja haina katikati pa kukatwa. Ndani ya maneno yenyewe mlango pekee ni ng’, na hata huo hufunguka pale tu ritifaa ya kibodi iliyonyooka, ambayo ni baiti moja, inapogeuzwa kuwa iliyopinda. iPhone hufanya hivyo yenyewe, na Word pia. Ndiyo maana mtu mmoja akiandika ng'ombe yuko salama daima na mwingine akiandika ng’ombe anabahatisha. Lau tungekuwa bado tunaandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika washairi wa Lamu na Pate, kosa hili lingekuumbua siku ya kwanza: karibu nusu ya mikato yote ingepita katikati ya herufi. Ukianza kupokea taarifa za wateja wa Muscat, utayaona hayo.

Nije kwenye ushauri uliopewa. Ile meta charset humwambia msomaji wa ukurasa, yaani kivinjari, auonyeshe vipi. Haigusi namna seva yako inavyosoma kinachoingia. Iache, ina faida zake, lakini siyo dawa ya ugonjwa huu.

Latin1 ni dawa inayoficha homa. Kanuni hiyo huipa kila baiti herufi yake bila kuuliza kundi, kwa hiyo hakuna kinachoweza “kukatika”, na alama za ulizo zinatoweka. Lakini umeacha kusoma UTF-8: E2 imekuwa â, na zile 80 na 99 zimekuwa herufi mbili za udhibiti zisizoonekana. Unachokiona kama ngâombe kina herufi mbili zaidi ya unazoziona. Utakuja kulia siku utakapotafuta neno hilo kwenye hifadhidata usilipate. Lina jambo moja jema, na huyo rafiki yako nampa haki yake: halipotezi kitu. Baiti zote zipo, zimevaa nguo zisizo zake tu. Ile � ni msiba mwingine. Baiti yoyote mbovu huishia kuwa � ileile, na hakuna programu duniani itakayokwambia ilikuwa nini.

Dawa yenyewe ni kutogeuza baiti kuwa maandishi mpaka kundi limetimia. Unaweza kuifanya kwa njia kadhaa. Kwa taarifa kama zako, ambazo ni ndogo na huwezi kuzitumia mpaka zimefika zote, ningekusanya baiti zenyewe na kusimbua mara moja mwishoni:

```
const vipande = [];
let jumla = 0;
req.on('data', kipande => {
  jumla += kipande.length;
  if (jumla > 200000) {
    req.destroy();
    return;
  }
  vipande.push(kipande);
});
req.on('end', () => {
  const mwili = Buffer.concat(vipande).toString('utf8');
});
```

Usiliondoe lile sharti la kikomo. Bila hilo mtu yeyote anaweza kukumiminia baiti mpaka kumbukumbu ya seva ikajaa. Kikomo chenyewe uamue wewe. Mimi nimeweka baiti 200,000 kwa mfano tu. Na angalia kwamba `kipande.length` kwenye bafa huhesabu baiti, ilhali `length` ya maandishi huhesabu kitu kingine kabisa: 😂 ina baiti nne, lakini JavaScript itakuambia urefu wake ni 2. Watu wengi hujaza kichwa cha Content-Length, kinachotaja idadi ya baiti za jibu, kwa urefu wa maandishi, jibu likakatwa mkia. Hapo tumia `Buffer.byteLength`.

Njia fupi kuliko zote ni kuandika `req.setEncoding('utf8')` kabla ya kuanza kusikiliza. Ukifanya hivyo hata ule mstari wako wa `+=` unakuwa salama, kwa sababu Node inaweka kisimbuzi chenye kumbukumbu katikati: kikikuta kundi halijatimia, kinalishikilia na kuliunganisha na kipande kijacho. Ni konda anayejua kuwasiliana na gari la nyuma. Kama una haraka leo jioni, ongeza mstari huo mmoja ukalale. Kasoro yake ni kwamba ukishauweka hupati tena baiti asilia za ombi hilo, na kuna siku utazihitaji.

Siku hiyo ni pale utakapopokea taarifa zilizotiwa saini, kwa mfano arifa za malipo zinazokuja na HMAC, yaani saini inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri. Saini huhesabiwa juu ya baiti kama zilivyotumwa. Ukisimbua kwanza na kuhakiki baadaye, herufi moja ikibadilika saini inakataa, nawe utashinda kutwa ukidhani ufunguo si sahihi. Hakiki baiti, kisha simbua. Vivyo hivyo picha ya ng’ombe aliyejeruhiwa ambayo ofisa ameiambatisha: usiipitishe kamwe kwenye maandishi. Picha si UTF-8. Ukiita `toString()` juu yake kisha ukairudisha kuwa bafa, umeshaichinja.

Kwa mafaili makubwa unayotaka kuyasoma mstari kwa mstari bila kuyabeba yote, tumia `StringDecoder`, kisimbuzi kilekile chenye kumbukumbu, au `TextDecoder` ukiipa `stream: true` kwa kila kipande na kuiita mara ya mwisho bila kitu ili itoe kilichobaki. Mkato wa faili huwa mbali zaidi, kila baiti 65,536 usipobadilisha, lakini ni mkato uleule. Mimi binafsi naipenda `TextDecoder` kwa sababu ya chaguo lake la `fatal: true`: ikikuta baiti mbovu inatupa kosa papo hapo badala ya kukubandikia � na kunyamaza. Python hufanya hivyo bila kuombwa, na nadhani ndiyo adabu. Kama unatumia Express, maktaba ya kujengea seva za Node, na `express.json()` yake, kazi hii ya kukusanya imeshafanywa kwa ajili yako, na kikomo chake cha kawaida ni kilobaiti 100. Tatizo hili huwapata zaidi wale wanaosoma mkondo kwa mikono yao kama wewe.

Ukishabadilisha, usijaribu kwa kutuma na kuomba Mungu mkato utokee. Ukate wewe, kila mahali:

```
const baiti = Buffer.from('ng’ombe 😂 é');
for (let i = 1; i < baiti.length; i++) {
  const sehemu = [baiti.subarray(0, i), baiti.subarray(i)];
  // zipitishe kwenye kisomaji chako, kisha linganisha
}
```

Neno ng’ombe peke yake lina herufi saba na baiti tisa, hivyo linaweza kukatwa sehemu nane. Sita ni salama na mbili zinaua. Kisomaji cha zamani kitaanguka kwenye hizo mbili kila mara, kipya hakitaanguka popote.

Neno la tahadhari kabla hujasherehekea. Si kila herufi iliyoharibika ni ya ugonjwa huu. Ukiona � moja tu, mahali palepale, kila mara, basi mtumaji hatumi UTF-8. Mara nyingi ni faili la CSV lililohifadhiwa kwa Windows-1252, ambako ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 92. Hilo lisimbue kwa kanuni yake. Ukiona â€™, kuna mahali UTF-8 nzima imesomwa kama Windows-1252, na kukusanya baiti hakutakusaidia. Maandishi yakiwa salama kwenye seva lakini emoji zikigeuka ? zikifika MySQL, au zikikataliwa, tazama jedwali: ile inayoitwa utf8 kule huishia baiti tatu kwa herufi, na inayobeba nne ni utf8mb4, iliyoanza mwaka 2010 kwenye toleo la 5.5.3. Na JSON ikikataa kusomeka kwenye herufi ya kwanza kabisa huku macho yako hayaoni kosa, angalia kama faili limeanza na EF BB BF, alama ya mwanzo ambayo Excel hupenda kuiweka. `toString()` huiacha ilipo, `TextDecoder` huiondoa.

Limebaki la taarifa zilizokwisha kuharibika, na hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Zile ulizopokea siku za latin1 zinaweza kurudi zote, kama hifadhidata imezitunza pamoja na zile herufi zisizoonekana: `Buffer.from(maandishi, 'latin1').toString('utf8')`. Lakini zitenge kwa tarehe kwanza. Ukiipitisha amri hiyo kwenye taarifa ambayo ilikuwa nzima, ile ’ itabanwa iingie kwenye baiti moja, na utakuwa umeharibu kilichokuwa salama.

Zile zenye � haziwezi kusimbuliwa upya, zinaweza kukisiwa tu. Kwa bahati Kiswahili kinakupa msaada: “ng”, kisha alama mbili au tatu, kisha irabu, ndani ya neno moja, karibu hakika ilikuwa ritifaa, na hapo yule rafiki yako wa pili hajakosea. Nje ya umbo hilo usiguse. Alama nne mfululizo huenda zilikuwa emoji, mbili kwenye jina la mtu huenda zilikuwa é au è, na jina la mtu si mahali pa kukisia.

Kama kuna taarifa zilizopita latin1, nyingine zina �, na nyingine zimewahi “kurekebishwa” na mtu aliyekutangulia, usiendeshe amri yoyote ya kubadilisha jedwali zima ukiwa peke yako. Tafuta mtu mwenye uzoefu wa hifadhidata akae nawe meza moja, mfungue safu chache mkitazama baiti zenyewe kwa `HEX()`, amri ya hifadhidata inayozionyesha kama namba, na nakala kamili ikiwa imehifadhiwa pembeni. Fanya hivyohivyo ikiwa namba za chanjo au majina ya wamiliki yanatumika kulipa fidia. Na kabla ya yote hayo waulize maofisa kama app yao inatunza taarifa walizokwisha kutuma. Ikiwa inatunza, zile baiti E2 80 99 bado ziko nzima kwenye simu zao, na kuziomba upya ni kazi ya mchana mmoja.